Jiwe la Kunolea Mikuki

Mpendwa Magokoro,

Kuanzia Nyamache mpaka Sironga hakuna mtu anayeijua historia ya milima hii kunishinda mimi. Maprofesa wakikwama huja kwangu, na mlima wenyewe ukisahau jambo huniuliza. Na hapo niliachia shule kidato cha pili. Ningemaliza, chuo kikuu kingefungwa kwa kukosa kazi.

Najua hapo ungeguna, useme, "Mume wangu, punguza chumvi, mboga inaharibika." Wageni wakisikia nyanya anamwita mjukuu wake mume hushtuka. Kwetu Kisii ni utani wa kawaida, na wewe hukuniachia hata siku moja. Nikichelewa kuleta kuni ulitishia kurudi kwenu, na ng'ombe wa mahari nisahau.

Siku uliyonipeleka kwenye boma la mawe nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumetoka kupeleka majani chai, kikapu kikiwa kitupu mgongoni mwako, na badala ya kushuka nyumbani ukapanda hadi shamba letu la juu, kule ambako Birongo yote inaonekana chini. Mimi nilidhani huko ni malisho tu. Kumbe nyasi zilikuwa zimeficha ukuta wa duara, mawe yamepangwa bila hata kijiko cha saruji, yananifika kiunoni. Ukaniambia hiyo ni egesarate, boma ambalo vijana wa zamani walilala na ng'ombe wa ukoo, mikuki mkononi, wakiwangoja wavamizi. Mlangoni palikuwa na jiwe bapa lenye mifuo mitatu. Ukanishika kidole ukakipitisha ndani ya mfuo mmoja.

"Hapa walinoa mikuki. Babu wa babu yako aliketi hapa akiwa kijana, lakini yeye alikuwa na akili."

"Na mimi je?"

"Wewe una mdomo. Huo hauhitaji jiwe, ulizaliwa umeshanolewa."

Halafu ukaacha mzaha. Ukasema wanao wote wanawaza chai na mikaratusi, na siku utakayoondoka watasema pale ni mawe tu. "Wewe ndiye utasema palikuwa na watu. Nilindie." Nikakubali upesi. Nitasema ukweli: ulikuwa na ndizi mbivu umeifunga kwenye leso, na macho yangu yalikuwa huko.

Lakini kazi niliifanya, tena kwa mbwembwe. Nilipokuwa nimeshaacha shule, mwalimu wa historia wa kule Sironga alisikia habari akaleta wanafunzi wake. Wewe ukaketi kando ya lile jiwe, mimi nikasimama mbele kama mkuu wa wilaya. Nikawapa mashujaa mia tatu na simba mmoja.

"Simba alitoka wapi?" ukauliza mbele ya watu wote.

"Alikuwa mgeni, Magokoro."

Wakacheka mpaka mwalimu akavua miwani. Ikabidi usimulie mwenyewe kwa Ekegusii, mimi nitafsiri kwa Kiswahili. Bado ulinishtaki kwa mwalimu: "Mimi nimesema maneno manne. Mbona huyu anatafsiri nusu saa?" Mwisho ukawapanga foleni, ukashika kidole cha kila mtoto ukakipitisha kwenye mfuo, kama ulivyonifanyia mimi. Mwalimu naye hukumwacha.

Mwaka uliofuata goti likakupeleka kwa shangazi kule Nyamache, uwe karibu na daktari. Miezi hiyo ndiyo niliyojenga esaiga yangu. Kijana aliyekomaa ana kibanda chake, halali tena jikoni kwa mama. Wenzangu walijenga kwa udongo mtupu, mvua moja tu na ukuta umekaa chini. Changu kilisimama juu ya msingi wa mawe. Watu waliokuwa wakienda sokoni walisimama kukitazama, nami nikatoka nje ili wanitazame mimi pia.

Ulipiga simu kila Jumapili baada ya kanisa.

"Mume wangu, boma langu liko?"

"Liko, Magokoro. Liko imara kuliko mimi."

"Umelipalilia?"

"Mpaka majirani wanaona wivu."

"Ngoja goti lipone, nije niukague uongo wako kwa macho."

Hukuja kukagua. Ulirudi ukiwa umebebwa, tukakuzika nyuma ya jikoni karibu na migomba, na sikukosa maneno ya kuongea hata siku ile. Niliwasimulia waombolezaji habari za simba. Walicheka kidogo.

Mwezi uliopita yule mwalimu alirudi, safari hii na mama mmoja mtafiti anayeandika juu ya mahali pa kale. Mama huyo alisema kuta za maboma ameziona kwingine, ila jiwe la kunolea hajaliona. Alikuja kulipiga picha, aandike na jina lako kama mtu aliyelitunza. Nikawapandisha juu. Pale palikuwa na duara la udongo mtupu, na magugu.

"Mawe yalienda wapi?" mama akauliza.

"Watu wa barabara waliyabeba," nikasema. Akaandika.

Mvua ikatushukia, nikawakimbiza kwangu tunywe chai. Mama akafuta tope la viatu mlangoni akaingia. Mwalimu akainua mguu ili afute chake, kisha akaushusha nyuma. Akainama akapitisha kidole.

"Nyanya alijua?" akaniuliza polepole.

"Hapana."

Akalivuka lile jiwe bila kulikanyaga. Chai hakunywa. Na mimi, mwenye mdomo ulionolewa, nilikoroga chai yangu mpaka walipoondoka. Daftari la yule mama bado linasema ni watu wa barabara.

Hawakuwa watu wa barabara, Magokoro. Ni mimi, kwa toroli, siku nne. Ukuta uko chini ya kitanda changu. Lile jiwe la mifuo nililiweka mlangoni, na kila Jumapili uliponiuliza kama boma lako liko, nilikuwa nimelikalia nikikujibu.

Mjukuu wako, yule uliyemwita mume