Kupunguza Makali

3 Mei

Kwa mdogo wangu,

Hujambo wewe? Mkeo hajambo? Na kile kikohozi kimepona au bado unakilea kama mtoto? Sisi wazima. Magoti ndiyo yanalalamika, lakini magoti yalishukuru lini.

Kazini kuna kituko. Ile mashine kubwa tunayofulia mashuka ya hospitali, ikianza kukamua inaruka kama imechomwa sindano. Juzi ilitembea mpaka mlangoni, tukasema inakwenda kuomba likizo. Sasa tunaikalia. Mimi, mama wa pasi na mwenzetu tunayemwita Mnene, tumejipanga juu yake, na hapo ndipo umbea unaponoga. Hapo ndipo nilipojua msimamizi wetu kaoa tena na mke wa kwanza hajaambiwa. Nilisimuliwa sauti ikitetemeka kama ya mbuzi. Wewe fundi wa mabasi, tupe dawa.

Mama miguu imevimba. Daktari kasema moyo umechoka. Nilimwuliza mama nikuandikie nini, akasema mengi, si unamjua. Mengine nimeyaacha, karatasi ndogo. Kwa kifupi, ukipata nafasi uje umwone. Ule mwaka wa msiba wa baba, ulipokosa kuja kuzika, nilikuandikia maneno ya mama kama yalivyomtoka, ukakaa miaka miwili bila kuandika. Nikajifunza. Siku hizi nachuja kwanza.

Dada yako.


24 Mei

Dada, shikamoo.

Huku salama, kikohozi kimeondoka chenyewe kilipoona sikijali. Magoti yako yape pole.

Kuikalia mashine ni kuiongezea uzito tu, mtikisiko uko palepale. Chini yake kuna springi. Springi ukiikandamiza ukaiachia, inapanda inashuka, inapanda inashuka, haina akili ya kuacha. Kando ya springi kuna vyuma viwili kama pampu, sisi tunaita shokomzoba. Ndani mna mafuta na tundu dogo. Chuma kikitaka kuruka, mafuta yanapita tunduni kwa shida, na ile nguvu inaliwa inageuka joto. Mruko wa kwanza shibiri, wa pili nusu, wa tatu vidole viwili, halafu kimya. Ukishika shokomzoba ya basi lililotoka barabara mbovu utaungua. Zenu zimevuja mafuta. Waambie waweke mpya.

Sasa la mama. Mwambie siji kusemwa mbele ya watu. Kama bado naitwa mwana asiyejua kaburi la baba yake, nitakaa hukuhuku. Lakini mlainishie, usije ukampandisha presha. Likizo yangu ni Desemba. Kama ni miguu tu, nitakuja Desemba. Kama ni zaidi ya miguu, niambie, naomba ruhusa kesho yake.

Mdogo wako.


11 Juni

Mdogo wangu wa mimi,

Umeamkaje huko? Mkeo anakulisha? Mnasalimiwa na mtaa mzima, hata na wale ambao sijawaambia naandika.

Umetuharibia baraza. Fundi kaweka hizo pampu zako, mashine inakamua kimya kama inasali. Hakuna tena sababu ya kukaa juu. Mama wa pasi kajaribu kukaa hivyohivyo, kafukuzwa. Habari za mke wa pili wa msimamizi zimekatikia njiani.

Barua yako nilimsomea mama. Nilimwambia mwanao anakusalimia sana na Desemba anakuja. Ya kusemwa mbele ya watu niliyaruka. Akasema maneno ya kizee, siyaleti huku, yatakutia hofu bure. Anakula kidogo, analala sana. Umeuliza kama ni zaidi ya miguu. Ni miguu na uchovu. Usihangaike, mimi nipo.

Dada yako.


30 Juni

Dada, shikamoo. Mzima wewe na mgonjwa wetu?

Nimepumua kusikia ni miguu na uchovu. Basi ni Desemba. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuomba ruhusa, nimeichana.

Wiki hii tumerudishiwa basi. Dereva alikuwa analalamika linarusha, mwenzangu mmoja akajaza mafuta mazito kwenye shokomzoba, akidhani kizito ndiyo dawa. Kweli halikurusha. Abiria wakalisifu. Lakini mafuta yakiwa mazito mno tairi likipandishwa na tuta linachelewa kurudi chini. Tuta la pili linalikuta bado limejikunja, la tatu vilevile, mpaka chuma kikagonga chuma na kukatika, na ndani ya basi watu wamesinzia. Mwenzangu anasema hakujua, alitaka watu wakae vizuri.

Mwambie mama namwombea.

Mdogo wako.


2 Agosti

Mdogo wangu,

Naamini ulifika salama. Uliondoka hukuaga, kwa hiyo nauliza kwa barua.

Telegramu nilikupelekea asubuhi ileile alipofariki. Ukafika siku ya pili baada ya mazishi. Nilikuona umesimama chumbani kwake unakitazama kile kitanda cha pembeni kilichotandikwa. Ukaniuliza ni cha nani, nikasema cha wageni. Ukachukua begi.

Sijalia. Watu wananisifu, wanasema dada mkubwa ana moyo. Sina moyo, nina ganzi. Nimerudi kazini, nakunja mashuka. Mnene kaja mbio kunisimulia mke wa kwanza wa msimamizi alivyomvamia ofisini na ufagio. Kituko kizuri. Nikacheka pale pa kucheka.

Sasa nakuandikia maneno ya mama kama yalivyo. Mwezi wa tano alisema, "Mwambie huyo mpumbavu nakufa. Aje aniseme nikiwa na masikio." Nikakuandikia ukipata nafasi.

Mwezi wa sita, nilipomwambia Desemba, alisema, "Desemba atamkuta nani? Mwambie nilimwonea kwa la baba yake. Mwambie sikujua kusema." Hayo ndiyo niliyoyaita ya kizee. Nilisema nikikuandikia utaacha kazi uje mbio, mkutane mgombane, afe kwa hasira. Nilitaka mtulie wote wawili. Mkatulia.

Kile kitanda alikitandika mwenyewe, kwa ile miguu, kila Jumamosi. Ni chako.

Daktari alinieleza tangu Mei kwamba moyo hautapona, amebakiza wiki kadhaa. Nilielewa vizuri.

Sikuongeza, sikupunguza. Ukitaka kunitukana andika yote yalivyo. Nitayasoma mwenyewe, hakuna tena wa kumsomea.

Dada yako.