Upande wa Itigi

Jumatatu, 8 Agosti 1994
Dar. Nimefagia uwanja wa Neema tena. Anasema, baba acha, majirani watadhani nakutumikisha. Siwezi kukaa bure. Leo mama yake ametimiza miezi mitatu kaburini.

Neema amenikatia tiketi ya ndege ya Ijumaa, Dar hadi Tabora. Siku hizi kuna kampuni za watu binafsi, zinagombania abiria. Alitaka kutupandisha wote wawili, mimi na mama yake. Mkwe wangu ananicheka: "Mzee, unapita juu ya nyumba yako Itigi, unateremka Tabora, halafu unarudi nyumbani kwa treni!" Kweli. Ndiyo sababu nimekubali.

Jumanne, 9 Agosti
Mama Neema kila akisikia ndege alitoka jikoni mbio, mikono ina unga, akapunga kanga. Nikimwambia hawakuoni, alijibu, "Umejuaje? Umeshapanda?" Alisema siku moja tutapanda tujionee. Hatukupanda.

Kaburi lake liko nyuma ya nyumba. Nimelipaka chokaa mwenyewe. Nataka nilione kutoka juu. Kingine sitaki.

Jumatano, 10 Agosti
Tumekwenda ofisi ya ndege kuomba kiti cha dirishani. Binti wa pale akauliza, kulia au kushoto, babu? Kulia, nikasema upesi. Nimefanya kazi kwenye genge la kutengeneza reli miaka ishirini na sita. Ukitoka Dodoma, nyumba yetu inatokea mkono wa kulia, baada ya tangi la maji. Hilo siulizwi mara mbili.

Alhamisi, 11 Agosti
Kufunga mzigo. Neema ametia kanga ya mama yake, aliyoondoka nayo msibani. Tumelia kidogo. Tukala.

Ijumaa, 12 Agosti
Tabora, nyumba ya wageni. Niandike kabla sijasahau.

Nilipata kiti cha kulia. Sikuogopa. Walipotangaza kwamba tunapita karibu na Dodoma, nikaanza kutafuta reli. Vilima. Moshi wa mashamba. Reli hakuna. Nikatazama mbele yangu, nikaona visogo vya watu. Watu wote wameelekea mbele.

Hapo ndipo nilipojua. Ndani ya treni viti vinatazamana. Mama Neema akikaa kinyume na mwendo alikuwa anatapika. Kwa hiyo yeye alielekea mbele, mimi nikakaa mkabala naye, nakwenda kinyumenyume. Safari zote, miaka yote. Kulia kwangu ni kushoto kwa kila mtu. Mjinga mimi.

Kwenye dirisha la kushoto alikaa mama mmoja mfanyabiashara wa mitumba. Ameteremsha kifuniko, amefumba macho. Nikamwomba tubadilishane. Nikamwambia mke wangu amezikwa huko chini.

Akafumbua jicho moja. "Shikamoo baba. Kaa upesi. Mimi dirisha lenyewe nilipewa tu. Ila ukiona bawa linatikisika, nyamaza nalo."

Nikaiona reli. Uzi mwembamba ndani ya vichaka vya kijivu. Kisha mabati yanayong'aa, na kitu kama tangi. Itigi nzima ingeenea kiganjani. Nyumba yetu sikuitambua. Kaburi ndiyo kabisa. Mtu akipunga kule chini haonekani. Iliniuma sana. Miaka yote ile alimpungia nani?

Nikatoa ile kanga mfukoni, nikaipunga pale kiooni. Sikuona haya. Yule mama akaniinamia begani, ananishika mkono kwa woga. "Wapi, baba?" Nikamwonyesha. Akatazama mpaka tulipopapita.

Jumapili, 14 Agosti
Nyumbani.

Kwenye treni nilipata nafasi dirishani. Nilipokaa nikagundua nimekaa kinyume na mwendo, kwa mazoea. Kiti cha mbele yangu kilikuwa wazi. Abiria mmoja akasema, "Mzee, hamia huku, hapo unarudi nyuma." Nikamshukuru. Sikuhamia.

Jioni nimefagia kaburi. Nimemwambia ukweli, kwamba kutoka juu hawaoni mtu. Nimemwambia pia kwamba nilipunga.

Chokaa imeanza kufifia upande wa kichwani. Kesho nitapaka.