Baba Mzaliwa wa Moroni

Anderlecht, 20 Juni 1993

Kwa binti yangu Naïma,

Assalam aleykum. Naomba barua hii ikukute na afya, wewe na shangazi yako Rukiya, pamoja na wale kuku wake wenye kiburi. Mimi niko mzima kama reli, ila baridi ya huku haina adabu: ni mwezi wa sita na nimevaa koti.

Bon, habari za mjini. Baba yako sasa anajulikana Bruxelles nzima. Nikiteremka Porte de Namur, kule Matonge, Wakongomani wananyoosha mikono kama kwa mjomba wao: "Tonton Sudi! Tonton Sudi!" Wiki iliyopita nilikuwa kwenye karamu ya mabalozi watatu. (Sahani zao nilizishika mimi mwenyewe, moja moja, kwa sabuni. Lakini nilikuwepo au sikuwepo?)

Sasa nisikilize, hili si mchezo. Ili nikae huku lazima nipate karatasi ya ukimbizi. Nikiipata, nakuita uje usome. Rafiki yangu Lukman, ambaye anajua ofisi zote, ameniambia: "Sudi, ukisema Burundi umekwisha. Burundi imepiga kura juzi tu, magazeti yote yanaisifu. Nani atakuonea huruma?" Ananishauri niseme natoka Komoro. Huko ni Waislamu kama sisi, na mwaka jana askari walijaribu kupindua serikali. Basi mimi ni shemeji wa askari mmoja aliyekimbia. Jina ninalo, sura ninayo, na mdomo wangu unaujua.

Kinachokosekana ni Komoro yenyewe. Shule niliiacha darasa la tano nikapanda lori. Naijua barabara ya Dar kwa harufu, lakini lori halifiki visiwani. Wewe uko sekondari. Mwombe mwalimu wa jiografia kitabu, uniandikie yote: nchi, watu, serikali. Tumia herufi kubwa.

Baba yako,
Sudi

*

Buyenzi, Bujumbura, 14 Julai 1993

Baba yangu mpenzi,

Waaleykum salam. Sisi hatujambo, tunakuombea wewe usiumwe. Shangazi anasema kuku hawana kiburi, wana njaa.

Nimekuandikia kurasa nane, zimo humu ndani. Hapa nakupa yale ambayo usithubutu kuyasahau.

Visiwa ni vinne: Ngazidja ndicho kikubwa, halafu Nzwani, Mwali na Maore. Lakini usiropoke "vinne" ukanyamaza! Walijitawala tarehe 6 Julai 1975, Maore ikabaki na Wafaransa mpaka leo. Bendera bado ina nyota nne, hata ya kile kisichokuwepo. Mwalimu anasema hawataki kukifuta.

Mji mkuu ni Moroni, chini ya mlima wa moto uitwao Karthala. Ngazidja haina mito. Mvua inazama kwenye mawe, kwa hiyo watu wanakinga maji kwenye matangi. Wanauza vanila, karafuu na mafuta ya ua linaloitwa langilangi. Mwanamume akioa anahamia kwa mke, nyumba ni ya wanawake. Shangazi aliposikia hilo akasema tufunge mizigo.

Serikali ni jamhuri ya Kiislamu ya shirikisho, ina rais, na kila kisiwa kina gavana wake. Marais wawili wameuawa. Mapinduzi ni mengi mpaka mwalimu alichoka kuyahesabu ubaoni.

Lugha yao ni ndugu wa Kiswahili lakini si Kiswahili. Hapo sijui utafanyaje, baba.

Na chagua kabisa ulizaliwa mtaa gani. Wewe ukisimulia hadithi, kila mara unabadilisha mwanzo.

Mwanao mpendwa,
Naïma

*

Anderlecht, 5 Oktoba 1993

Profesa wangu Naïma,

Salamu tele kwako na kwa shangazi. Mimi leo sitembei, naruka.

Nimehojiwa! Saa tatu nzima. Afisa ni mwanamke wa miwani, hacheki hata ukimtekenya. Mkalimani wa Kikomoro hawakupata, wakaleta Mtanzania. Nikawaambia mama yangu alikuwa wa Unguja, nyumbani tuliongea Kiswahili. Likapita.

Akauliza mito ya Ngazidja. Alikuwa ananitegea! Nikamwambia, "Mama, mto utautoa wapi pale? Sisi tunakunywa mawingu, tunayafunga kwenye matangi." Akaacha kuandika, akanitazama. Akauliza nyota za bendera, nikamhutubia juu ya Maore mpaka Mtanzania akakohoa. Nikamlilia Karthala kama mtu aliyezaliwa mlangoni pake. Naïma, nakuapia, kwa zile saa tatu nilikuwa Mkomoro kuliko wenyewe. Hata nilikumbuka harufu ya langilangi, ua ambalo sijaliona.

Swali moja tu halikuwa kwenye kurasa zako. Nililijibu haraka, tukaendelea.

Anza kujifunza kuvaa soksi mbili mbili.

Baba yako, mzaliwa wa Moroni,
Sudi

*

Buyenzi, 20 Februari 1994

Baba mpenzi,

Tuko hai. Naanza na hilo kwa sababu najua redio za huko zinasema nini.

Tangu walipomuua rais mwezi wa kumi, shule yetu inafunguliwa wiki moja, inafungwa mbili. Familia ya Donatien, majirani wa nyuma, waliondoka na sufuria likiwa bado motoni. Shangazi alilitoa, akaliosha, analitunza.

Barua yako ya Januari imefika: karatasi imetoka! Shangazi alipiga vigelegele, halafu akalia. Baba, wewe na Lukman mngengoja wiki tatu tu, mngesema Burundi na mngeaminiwa. Lakini si kitu, umeshapata. Sasa nije lini? Niambie karatasi gani zinatakiwa upande wangu.

Mwanao mpendwa,
Naïma

*

Anderlecht, 3 Juni 1994

Binti yangu,

Salamu, salamu, salamu. Mimi mzima.

Mambo ya ofisi za huku ni polepole, hawa watu wanapanga foleni hata kufa. Subira kidogo. Kitanda chako nimeshakinunua, cha mbao, kina droo chini. Kwa sasa amekilalia Viviane na watoto wake wawili, wametoka kwetu juzi na hawana pa kwenda. Watahama ukija. Hapa kwangu sasa ni ambasade, mimi balozi, nalala jikoni karibu na jiko kama paka wa tajiri.

Nimekutumia koti jekundu kwa mkono wa Jean-Pierre, anayesafiri kuja huko. Usimpe mtu.

Baba yako,
Sudi

*

Uvira, Zaire, 19 Aprili 1995

Baba,

Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Mimi mzima. Shangazi mguu umevimba kwa kutembea.

Mwezi uliopita askari waliingia Bwiza na Buyenzi. Tulitoka na nguo tulizovaa. Nyumba imeungua, na cheti changu cha kuzaliwa kilikuwa kwenye sanduku la shangazi.

Hapa kambini kuna mama anaitwa Mauwa, mume wake yuko Ubelgiji kama wewe. Ameniambia mambo si magumu hivyo unavyosema. Mkimbizi mwenye karatasi anakwenda komini, ile ofisi ya mtaa anaokaa, anaomba mtoto wake aletwe. Jina la mtoto lilishaandikwa siku ya mahojiano, wanaangalia tu. Yeye na watoto wanaondoka mwezi wa sita.

Baba, barua zako tano zilizopita zinachekesha. Nimezisoma zote tena jana. Hakuna hata moja inayosema umekwenda komini. Nenda. Ni jina moja tu, waangalie.

Mwanao,
Naïma

*

Anderlecht, 30 Julai 1995

Naïma mwanangu,

Assalam aleykum. Pole ya nyumba, pole ya mguu wa shangazi. Barua hii nimeianza mara nyingi na kila mara nikaharibu kwa utani. Sasa naandika bila utani.

Jina lako halimo.

Lile swali ambalo halikuwa kwenye kurasa zako lilikuwa hili: "Una watoto?" Nilifungua mdomo. Nikisema ninaye, atauliza kazaliwa hospitali gani, mama yake wa kisiwa kipi, anasoma wapi, leo yuko kwa nani. Mlima nilikuwa nimeusoma. Nyota nilikuwa nimezisoma. Wewe sikuwa nimekusoma ungezaliwa wapi huko. Mtanzania akarudia swali, akidhani sikusikia. Nikasema, sina.

Akaandika. Ilikuwa kazi fupi kuliko kupiga chafya.

Nilijiambia nikishapata karatasi nitarekebisha. Nimekwenda komini mara tatu, hilo ni kweli, nimekwenda. Wananionyesha jalada: Soudi, mzaliwa wa Moroni, mjane, hana mtoto. Wanasema mtu hawezi kusahau mtoto.

Kurasa nane ulizoniandikia kwa mkono wako ndizo zilizonipa karatasi hii. Sijui nikwambie nini zaidi.

Baba yako,
Sudi

*

Uvira, 12 Novemba 1995

Kwa baba,

Salamu. Shangazi anaendelea vizuri kidogo.

Barua yako nilimpa shangazi aisome. Akaikunja, akaenda kuchota maji. Jioni akasema, "Sudi alivyokuwa mdogo aliwahi kuvunja mtungi akasema si wetu."

Mauwa ameshaondoka na watoto wake.

Nenda ukawaambie ukweli. Waambie wewe ni nani. Sitaki barua nyingine mpaka uwe umefanya hivyo.

Naïma wa Rukiya

*

Anderlecht, 4 Juni 1996

Kwa Naïma na dada yangu Rukiya,

Salamu zenu kwa heshima. Nimefanya.

Lukman alinishika koti mlangoni: "Wewe mwendawazimu? Watakunyang'anya!" Nikamwambia, "Wachukue." Nilikwenda na suti, nikamkuta yule yule wa miwani. Nikasema, "Mama, nilikudanganya. Mimi ni Sudi wa Buyenzi, Bujumbura, na nina binti, jina lake Naïma."

Alicheka. Miaka mitatu nilitamani kumchekesha yule mwanamke.

Akasema, "Bwana Soudi, mwaka 93 ulinieleza mpaka matangi ya maji. Leo Burundi kuna vita, na wewe umekuwa Mrundi?" Lakini akafungua daftari, akaniuliza Burundi. Mikoa mingapi? Nikasema kumi na mbili. Sijui, Naïma, sikuwahi kuihesabu, nilikuwa naipita tu na lori. Mto fulani unaanzia wapi? Wimbo wa taifa, ubeti wa pili? Akaleta Mrundi azungumze nami Kirundi. Mnajua Kirundi chetu sisi Waswahili wa Buyenzi, cha kununulia maharage. Yule bwana alitikisa kichwa kwa upole, na huo upole ndio ulioniua.

Kadi yangu ya ukimbizi wamebaki nayo. Wanasema watachunguza kama nilidanganya wakati ule au nadanganya sasa. Kwa hiyo leo mimi si wa Moroni wala si wa Buyenzi. Kazi ya sahani nayo imekwisha, mwenye mgahawa anataka kuona kadi.

Kama kuna picha yetu yoyote, mimi na wewe, hata iliyochanika, nitumie.

Sudi

*

Uvira, 1 Oktoba 1996

Baba yangu,

Waaleykum salam. Picha hatuna, ziliungua. Lakini nimekaa na wazee wa kambi siku mbili, nimekuandikia mikoa yote na makao yake makuu, mito, wimbo wa taifa beti zote, na majina ya mitaa ya Buyenzi kuanzia avenue ya kwanza. Shangazi ameongeza majina ya majirani na aliyemzika babu. Mambo hayo hayamo kwenye vitabu, labda watakuamini. Anayezichukua ni Bertin, mfanyabiashara, anapitia Bukavu.

Ulifanya vizuri kwenda. Nilikasirika sana, na bado nakasirika siku nyingine, lakini ulifanya vizuri.

Milima ya juu hapa inapigwa mabomu tangu wiki mbili zilizopita. Watu wanasema tukikimbia tutavuka ziwa, twende Kigoma. Shangazi anasema hakimbii tena na mguu huu. Mimi simwachi.

Mwanao,
Naïma

*

Anderlecht, 15 Januari 1997
Kwa Naïma binti Sudi, kambi yoyote ya Kigoma

Mwanangu,

Assalam aleykum. Barua hii ni ya nne tangu Uvira ianguke mikononi mwa waasi. Zile nyingine nimezipeleka kwa kila mtu anayesafiri, hata kwa padri. Bertin alifika Bukavu akanyang'anywa mizigo yote. Barua yako yeye aliiweka kwenye soksi, ndiyo iliyofika. Zile kurasa za mikoa zilikuwa kwenye begi.

Nimekwenda Msalaba Mwekundu, pale wanapotafuta waliopotea. Hawakutaka kadi. Mama mmoja mwenye mvi akaandika jina lako na la shangazi. "Wewe ni nani wake?" Nikasema baba. Akaandika baba. Nikamwomba ageuze karatasi nilione lilivyoandikwa.

Akauliza alama za mwili, nikasema kovu la kuungua kwenye kiwiko cha kushoto, hilo nalijua. Halafu akauliza urefu wako. Nikasimama, nikaweka mkono hapa, chini ya kifua. Akautazama mkono, akatazama mwaka wako wa kuzaliwa. "Hiyo ilikuwa lini, bwana?" Nikasema, mwaka tisini na mbili. Akangoja. Mkono ukabaki hewani, sikujua niupandishe mpaka wapi.

Ile sehemu ameiacha wazi. Alisema nikijua nirudi, mlango hauna miadi.

Kama umechoka na mimi usiniandikie maneno. Simama kwenye ukuta wowote, mtu akupime, unitumie hiyo namba peke yake.

Baba yako,
Sudi