Mkate wa Johari

Baba Johari,

Nimeondoka ukiwa bado msikitini. Mchele nimeuloweka, nazi iko kando ya mbuzi ya kukunia, ikune mwenyewe. Kofia yako ya uaskari wa misitu ya Mwingereza iko msumarini.

Ule mkate wa kumimina uliokula asubuhi, ukalamba vidole ukinisifu, sikuupika mimi. Kaupika Johari, mwanao uliyemkataza kukanyaga hapa Idi hii kwa sababu mumewe anakata boriti msituni bila kibali. Mapishi nilimwandikia kwenye barua: mchele wa kusaga, tui zito, hiliki, na subira mpaka uumuke. Wa kwanza kuiva akakutumia wewe.

Nakwenda kwake Kiongoroni. ~~Nitarudi jioni.~~ Njoo unichukue mwenyewe, mlangoni kwake.

Kipande kilichobaki nimekifunika kwa kawa. Kama bado humtaki, wape kuku.

Mama Johari