Mama, Sheikh Alipowaita Watoto Wako

Shikamoo, Mama.

Najua hutaitikia, lakini ulinizoesha kutoanza neno kabla ya salamu. Matanga yameanuliwa, masufuria ya watu nimesharudisha, na mimi nimekaa barazani. Nimechoka, Mama. Magunia hayajawahi kunichosha hivi.

Unakumbuka nilivyokuja? Baba alikuwa mchukuzi wako wa magunia ya nafaka pale sokoni Majengo. Akafariki, na ndugu zake wa Chemba hawakutokea. Ukanishika mkono tukaenda nyumbani, kama vile ulikuwa umenituma dukani tu. Ulipenda kunisikia nikisema Kisandawe. Ulijaribu kugonga ulimi kama mimi mpaka ukapaliwa kwa kicheko, na salamu yenyewe hukuiweza.

Halafu zikaja hizi nguvu. Nilikuwa darasa la sita. Jeki iliteleza kwenye mchanga kule Ihumwa, lori la mahindi likamlalia Musa miguuni. Nikashika bampa, nikaliinua. Watu wazima walikimbia, wengine wakasema nina jini. Wewe ulimvuta mwanao, kisha ukawaambia nina njaa, nipewe chakula. Tangu hapo mji mzima unaniita Winchi. Na tangu watu waruhusiwe kufanya biashara ya nafaka wenyewe, malori yamezidi, na kila linalozama mchangani naitwa mimi.

Sikuwahi kukwambia kwa nini sikatai. Naogopa. Idi na Musa uliwazaa, ni wako hata wakilala mpaka mchana. Mimi nilijiona wako pale tu nilipobeba. Ndiyo maana siku ile ya malaria nilikwenda kushusha mzigo huku natetemeka. Ulinifuata, ukanikalisha juu ya gunia mbele ya wachuuzi wote.

“Hata usipobeba, utakula kwangu,” ulisema.

Nilisikia, Mama, ila sikuamini sawasawa.

Siku ya kukuzika hofu ikanirudia. Mwanamke hupokewa kaburini na watoto wake wa damu na ndugu zake. Hilo nalijua, madrasa ulinipeleka mwenyewe. Sheikh aliposema watoto wa marehemu waingie, nilirudi nyuma nikashika koleo, nionekane nina kazi. Nikawaza, safari yangu na nyumba hii imeishia hapa. Kesho nitaambiwa nitafute kwetu.

Idi alikuwa ameshaingia. Akanitazama kutoka chini.

“Sheikh kawaita watoto,” alisema. “Wewe unasubiri nini?”

Sheikh akasogea kunipisha. Nikashuka. Ulipoletwa, mikono yangu iliishiwa nguvu kabisa, sikuweza hata kukushika vizuri. Musa akapitisha mikono yake chini ya yangu, Idi naye vivyo hivyo, wakatubeba wote wawili.

Leo asubuhi watu wamekuja kuniita, kuna lori limezama Msalato. Nilikuwa tayari natafuta viatu. Musa akawajibu mlangoni kwamba siendi popote, nimefiwa na mama yangu.

Pumzika, Mama. Nami nitajaribu.

Mwanao wa tatu