Kengele Inayomuita Mukwe

Manono, 4 Machi 2025

Mama Evodie,

Nakusalimu toka huku shimoni tunakochimba madini. Mgongo unauma, lakini ugali unapita, njo kusema niko muzima. Na wewe? Dada Blandine ameniambia masista wa nyumba ya wazee wameweka chombo chini ya godoro lako: ukiinuka tu, kengele inalia kwa munganga wa zamu, anakuja kukushika. Nimefurahi. Nyonga yako ikivunjika tena, hakuna dawa. Nataka nikukute unatembea.

Mutoto wako,
Ilunga

Kalemie, 19 Machi 2025

Ilunga mutoto wangu,

Barua imefika. Sijambo, ni miguu tu inanikataa.

Chombo ni kizuri. Lakini unajua kengele inamuita nani? Gaspard! Mume wa dada yako njo munganga wa zamu ya usiku. Alinikuta kikwembe cha kiunoni kimeanguka, natafuta choo. Mukwe wangu, Ilunga! Muntu ninayemupisha njiani kwa heshima! Alifunga macho, akanibeba hivyo hivyo, tukagonga mlango. Pélagie wa kitanda cha pili alicheka mpaka akakohoa.

Sasa nimepata akili. Nikiinuka, ninasukuma bidoni ya plastiki iliyojaa maji pale nilipolala. Chombo kinafikiri bado niko. Usimuambie Gaspard, atakufa kwa haya.

Mama yako

Manono, 30 Machi 2025

Mama,

Salamu nyingi. Unalala vizuri? Habari yako imechekesha kambi nzima. Lakini bidoni, hapana! Haya haiui, kuanguka kunaua. Niwaombe masista wamubadilishie Gaspard zamu? Sitasema kitu mpaka uniruhusu. Jibu upesi.

Mutoto wako,
Ilunga

Manono, 17 Aprili 2025

Mama,

Leo sikuulizi afya. Barabara imekatika kwa mvua, watakuzika kabla sijafika. Ninatuma maneno haya kwa simu, Blandine akusomee mbele ya sanduku.

Walikukuta chini, karibu na choo. Bidoni ilikuwa kitandani. Gaspard hakusinzia, Mama. Alikuwa anaangalia taa ya kijani inayosema umelala, akafurahi kwamba usiku huo umepumzika.

Nilikuwa nangoja ruhusa yako. Ningesema tu, ungenikasirikia, na ungekuwa hai.

Gaspard amekaa nje, hali chakula. Ameniuliza kwa simu kama mukwe anaweza kushika sanduku lako, wewe uliyemukimbia miaka yote. Wazee wa ukoo wanangoja neno langu, kwa sababu njo mimi mwanaume wa nyumba.

Nimemuambia akubebe. Unisamehe.

Mutoto wako,
Ilunga