Semina ya Agosti

Malindi, 9 Julai 1984

Dada yangu Mwanakombo,

Shikamoo. Sisi tu wazima. Mvua imepungua, na mume wangu Mahadhi ameziba paa la jikoni.

Juma lililopita nilikwenda Kilifi kuhojiwa. Niliomba nafasi katika semina ya fasihi ya walimu, likizo ya Agosti. Mahadhi ndiye aliyenihimiza: "Nenda, mke wangu. Utautazama ukuta mpaka lini?"

Majibu nilikuwa nimeyatayarisha. Lakini mama aliyenihoji aliniuliza, "Mwalimu, mara ya mwisho ulimsomea mtoto hadithi lini?"

"Siku aliyofariki binti yangu, hospitalini. Sikuimaliza. Tangu hapo darasani nafundisha sarufi tu."

Nilisema hayo kama mtu anayetaja bei ya sukari. Mama yule akaweka kalamu chini.

"Pole sana, mwanangu. Tukungojee mwaka ujao?"

"La. Niandike mwaka huu."

Leo nimepata habari kuwa nimechaguliwa. Mahadhi kwa furaha amenunua halua. Nimeila, utamu sikuusikia. Lakini nimekwisha kufua magauni mawili ya safari, na sasa hivi naweka makaa kwenye pasi.

Nibusie wanao.

Nduguyo,
Khamisa